Juu ya Nini? Maswali ya Mtoto Mbele ya Simu

(Maneno niliyowaambia wazazi na walimu wa materneli, yaani shule ya watoto wadogo, katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Vicheko nimeviacha ukumbini.)

Wamama, wababa, walimu wenzangu, jambo.

Kabla sijasema lolote: kitendawili!

Asante. Mmeitikia wachache, lakini mmeitikia vizuri. Haya: nilizaliwa gizani, nikaruka usiku mmoja tu, nikavua nguo zangu mwenyewe, nikarudi gizani.

Fikirini, sina haraka. Namwona baba mmoja kule nyuma ameshatoa simu mfukoni. Baba, iweke kwanza, hiyo simu tutaifikia, nimekuja kwa ajili yake.

Kwa bibi yangu, nkambo kama tunavyosema hapa, kitendawili kikikushinda ulilipa. "Nipe mji," anasema. Unampa Likasi, anaikataa, Likasi anayo tangu juzi. Unampa Kipushi, anaipokea, anaitawala kidogo, anakusimulia alivyokaribishwa na alivyokula huko, ndipo anategua. Watoto tulitoa miji mpaka ikatuishia, tukaanza kutoa Brussels. Na kabla ya kutoa mji tulibishana. Akisema nyumba yangu haina mlango ni yai, mmoja wetu anaruka: haina mlango vipi, kifaranga anatokea wapi? Nkambo aliufurahia ubishi ule kuliko jibu lenyewe. Jibu alikuwa nalo tangu utoto wake. Ubishi ulikuwa mpya kila usiku.

Mimi ni mwalimu wa materneli, huu ni mwaka wangu wa 22. Walioniita waliniandikia mada ndefu: vyombo vya kidijitali vya kujifunzia, na uwezo wa mtoto mdogo wa kuuliza na kuchambua. Nikaisoma mara mbili, nikasema, aa, kumbe ni juu ya nini. Watoto wetu hapa Lubumbashi wanayasema maneno hayo tangu wanapoamka. Vitabuni imeandikwa kwa nini. Watu wa pwani wana mbona, na mbona ina kidole ndani yake, kama mtu anayekushitaki. Sisi tunasema juu ya nini, na wasomi wa Kiswahili wanatucheka. Wacheke. Mimi nikilisikia neno hilo nasikia mtoto akiuliza: hili uliloniambia limekaa juu ya nini? Juu ya jiwe, au juu ya maji? Mtoto wa miaka mitatu anakuja nalo mdomoni, hakuna aliyemfundisha. Mara nyingi sisi ndio tunaomnyang'anya.

Mwezi uliopita nilikaa nyuma ya mjukuu wangu, ana miaka minne, akicheza mchezo wa rangi kwenye simu ya mama yake. Mchezo wa kujifunza, wa bure, umejaa matunda. Sauti inataja rangi kwa Kiingereza; tunda sahihi likiguswa, simu inapiga makofi na nyota inashuka. Yeye sauti hakuwa na habari nayo. Kidole chake kilikwenda tunda kwa tunda, kushoto mpaka kulia, kama mama anayebonyezabonyeza maparachichi sokoni, hadi makofi yalie. Nyota zilipita 40. Nikafunika kioo kwa kiganja, nikamwuliza: humu ndani, kitu cha njano ni kipi? Palikuwa na ndizi mezani, palikuwa na bido la njano la maji miguuni pake. Akaniangalia kwa huruma. "Nkambo, toa mkono."

Mtoto yule si mjinga. Ameusoma mchezo kuliko walioutengeneza: amegundua kwamba kukosa hakumgharimu kitu, kwa hiyo kufikiri ni hasara ya muda. Kilichonikaa moyoni ni kingine. Dakika zile kumi mashine ilimwuliza maswali mfululizo, yeye hakuuliza hata moja. Angemwuliza nani? Hapakuwa na mlango wa kuulizia. Kwa nkambo pia tuliulizwa sisi, lakini tulibisha, na zamu ikitufikia tulitega na sisi, yeye akatoa mji.

Walimu wenzangu wameanza kutikisa vichwa kwa furaha, wanasema leo simu imepata. Subirini. Huko London, Barbara Tizard na Martin Hughes waliwarekodi wasichana 30 wa miaka kama minne, kwanza nyumbani na mama zao, kisha katika shule zao za watoto wadogo. Matokeo waliyachapisha mwaka 1984. Nyumbani msichana aliuliza wastani wa maswali 26 kwa saa. Shuleni yakashuka hadi mawili. Watoto ni wale wale, lugha ni ile ile, na simu za kugusa zilikuwa hazijaotwa hata ndotoni. Kwa hiyo tusiitwike simu mzigo wetu wote. Kimya cha kalasi tulikijenga wenyewe, simu imekuja kukikuta.

Na kwetu kuna ukuta wa pili. Katiba yetu ya mwaka 2006 inazitaja lugha za taifa nne, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazifungulia mlango wa darasa. Lakini ingieni katika kalasi zetu. Mtoto anaimba rangi kwa Kifaransa, akirudi nyumbani simu inamwimbia kwa Kiingereza, Kiswahili kinabaki nje pamoja na viatu. Kujibu, mtoto anaweza kujibu kwa lugha ya kuazima. Kuuliza, tena kuuliza kwa ubishi, anataka lugha anayogombania embe. Vibonzo vya Kiswahili vya watoto vipo, vinatengenezwa Dar es Salaam, na wetu wanavielewa ingawa matamshi yale yanawachekesha. Wanauliza hata juu ya matamshi. Hilo nalo ni swali.

Sasa niwape kisa kilichoninyima usingizi. Mtoto wa jirani, miaka tisa. Baba yake alimwekea programu ya jiografia ya nchi yetu. Swali: Kongo ina majimbo mangapi? Akaandika 26, kama mwalimu wake alivyomfundisha. Msalaba mwekundu. Jibu sahihi, ikasema simu, ni 11. Wakubwa mnajua kilichotokea: programu ilikuwa ya zamani. Majimbo yalikuwa 11 mpaka mwaka 2015, Katanga ilipokatwa vipande vinne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Lakini sikieni mtoto alichofanya. Alikwenda kwenye mfuko wake wa masomo, akatoa daftari, akafuta 26, akaandika 11. Alifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikachubuka. Niliweka kidole pale palipochubuka, nikamwuliza juu ya nini amefuta.

"Simu imekataa."

Na baba yake, kutoka kwenye kiti: "Simu haiwezi kukosa, mwalimu."

Mtoto huyo anaishi Haut-Katanga. Analiona jina hilo kwenye vibao vya barabara. Na amekubali mashine imwambie kwamba jimbo lake halipo.

Ajabu ni kwamba kwa watu, watoto hawako hivyo. Watafiti Melissa Koenig na Paul Harris walionyesha, katika miaka ya 2000, kwamba mtoto wa miaka minne akimsikia mtu mmoja akikosea majina ya vitu anavyovijua, tuseme anauita mpira kiatu, na mwingine akiyapatia, basi kikija kitu kigeni atamwamini yule aliyepatia. Maana yake wana daftari la siri, wanaandika makosa yetu humo. Mbona daftari hilo hawalifungui kwa simu? Nadhani ni kwa sababu hawajawahi kutusikia sisi tukiikosoa. Mwalimu tunamkosoa, pasta tunamkosoa, gavana tunamkosoa mpaka majirani wanafunga madirisha. Simu tunaitii.

Nilikaa na yule mtoto, tukashika ramani, tukahesabu majimbo kwa kidole. Kisha nikampa neno moja la kwenda nalo: umejuaje? Mwulize mwalimu, mwulize baba, iulize simu. Mwalimu atakuonyesha ramani. Baba atasema nilisikia redioni. Simu itanyamaza, na wewe kikumbuke kile kimya. (Siku hizi kuna programu za akili mnemba ambazo hazinyamazi kabisa, ukiziuliza zimejuaje, zinaweza hata kukutungia chanzo ambacho hakipo, tena kwa heshima zote. Kwa hizo, ramani inahitajika maradufu.) Jioni ile mama yake alimwambia ingia ndani, mvua inakuja. Akamjibu: umejuaje? Mama alinipigia simu kunigombeza, na haki alikuwa nayo kidogo. Mawingu yalikuwa meusi.

Nije kwenye kalasi yangu. Nina watoto 47 na simu moja, ya kwangu, kioo kina ufa. Mvua za kwanza za Novemba zilipoanguka, usiku nilikwenda kusimama chini ya taa ya jirani, nikarekodi kumbikumbi, wale wengi wetu hapa tunaowaita inswa, wakitoka kwenye kichuguu na kuifuata taa. Dakika moja na nusu, basi. Asubuhi niliwachukua watoto wanane wanane, waliobaki wakafinyanga udongo na mwenzangu. Simu niliitia ndani ya boksi la viatu nililolikata dirisha, maana mwanga wa jua letu unaua picha. Nikaonyesha sekunde kumi, nikasimamisha.

Sikuuliza kitu. Jaribuni siku moja kukaa kimya mbele ya watoto wanane. Ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, alikwenda madarasani miaka ya 1970 akapima muda ambao mwalimu anangoja baada ya kuuliza swali. Kama sekunde moja. Sekunde moja, kisha mwalimu anasema tena, au anamhamia mwingine. Waliofundishwa kungoja sekunde tatu walipata majibu marefu, na jambo ninalolipenda, watoto wakaanza kuuliza wao. Mimi huhesabu kwa vidole vya mguu, ndani ya kiatu, ili wasione.

Wa kwanza akasema: wanaenda wapi? Wa pili: nani amewaambia mvua imeanguka? Nikabonyeza, sekunde kumi nyingine, nikasimamisha. Hapo kuna binti mmoja ambaye tangu Septemba sikuwa nimeisikia sauti yake. Alisogea mpaka pua ikagusa boksi.

"Juu ya nini wanavua mabawa? Hawataki kurudi?"

Mimi mwenyewe sikuwa nimeyaona hayo mabawa. Yalikuwa pembeni kabisa mwa picha, mdudu mmoja anajikung'uta, mabawa yanabaki chini kama maganda ya kitunguu. Nilirekodi, nilitazama mara tatu kabla ya kuja kalasini, sikuona. Nikarudisha nyuma. Tukatazama tena, na tena. Mvulana mmoja akasema yameungua na taa. Mwingine akasema yameliwa na kuku. Binti akasema hapana, hapo hakuna kuku, mwonyeshe kuku yuko wapi. Mwezi mzima wa Oktoba nilijaribu kuwafundisha neno ushahidi, nikashindwa. Neno bado hawana, kitu chenyewe wanacho.

Kisha tuliiacha simu ndani ya boksi lake, tukachukua kijiko, tukaenda kwenye kichuguu nyuma ya ukuta wa shule. Mabawa yalikuwepo kweli, yamelowa, yameganda kwenye udongo. Pamoja nayo palikuwa na vitundu vidogo. Hapo ndipo niliposema nilichokijua: wanatua, dume na jike wanakutana, wanatafuta udongo ambao mvua imeulainisha, wanachimba waanze mji wao chini, na kule chini bawa lingewazuia kupita. Kuruka ilikuwa kazi ya safari moja. Nikawaambia pia kwamba vichuguu vikubwa vya huku kwetu vimepimwa umri na wataalamu kwa njia ya kaboni, na kimoja kilikutwa na zaidi ya miaka 2,000, wakati Lubumbashi yenyewe ilianza mwaka 1910. Hivyo hivyo vichuguu tunavyovichimba tufyatue tofali za nyumba zetu. Mvulana wa kuku akaniuliza: mwalimu, umejuaje? Neno lilikuwa limeshavuka ukuta, sijui kwa njia gani.

Simu ile ilinipa nini? Ilinipa usiku ndani ya asubuhi, na ilinipa kurudisha nyuma. Kumbikumbi hai harudii. Kwa hayo mawili naishukuru, na sitamwunga mkono yeyote anayetaka tuzitupe zote mtoni. Lakini swali halikutoka ndani ya ile dakika moja na nusu. Lilitoka pale picha iliposimama na mtu mzima akafunga mdomo. Ndiyo maana mkiniuliza programu gani nzuri, jina sitaji. Nina kipimo kimoja: je, inakubali kusimamishwa? Ile inayorukia video nyingine yenyewe kabla mtoto hajavuta pumzi, zimeni kule kurukia kwake kwenye mipangilio, ikikataa ifuteni.

Mama mmoja alinishika mkono mlangoni wakati naingia. Akasema, mwalimu, mimi nauza unga soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, narudi saa moja ya jioni, simu ndiyo inayonishikia mtoto nikisonga bukari (ugali), usije ukanihukumu mbele za watu. Simhukumu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyefikisha mwaka asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Kwa wachanga mimi ni mkali kama wao. Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, mwaka 2003, waliwafundisha watoto wa miezi tisa sauti za Kichina. Waliokaa na mtu anayewachezesha walizishika. Walioonyeshwa watu wale wale kwenye televisheni hawakushika kitu. Mtoto wa mgongoni hana cha kupata kwenye simu, mwacheni aangalie shingo ya mama yake.

Lakini huyu wa mama wa unga ana miaka mitano. Nilimwambia: saa ya bukari mpe, picha moja tu, fupi. Wewe usiitazame, na huo ndio uzuri wake. Huku unasonga, yeye akusimulie, kwa sababu hukuona. Simba kapanda mti? Umejuaje ni simba, si paka? Juu ya nini alipanda? Nani alikuwa wa kwanza kumwona? Mtoto atarudi kuangalia ili apate cha kukujibu, na kuangalia kwa namna hiyo ni kuangalia kwingine kabisa. Umeme ukikatika, na mnajua utakatika, betri ikafa katikati ya hadithi, usimpe pole. Mwulize anadhani iliishaje. Hiyo haili mega hata moja.

Kuna swali moja lililonishinda, nalo niwaachie.

Wiki ile ile simu yangu ilipata moto. Ni ya zamani, ya kufunguka mgongo. Nikaitoa betri mbele ya watoto ipoe. Mikono ikajaa. Hii ni nini? Betri. Imetengenezwa na nini? Nikasema, ndani yake kuna vitu vingi, kimoja kinaitwa kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka kwetu Kongo, kule Lualaba na huku Haut-Katanga. Na nyaya nyembamba mle ndani ya simu ni shaba. Shaba wanaijua, bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanaliona wakipanda bembea, na katika wale wanane watatu baba zao wanafanya kazi ya mgodi. Mmoja wa hao watatu aliishika betri, akaipima kwa kiganja kama mtu anayepima nyanya.

"Basi juu ya nini papa hana simu?"

Nilihesabu vidole vya mguu. Kimoja, viwili, vitatu. Nikaendelea mpaka kumi. Nilikuwa na maneno, mikataba, bei, viwanda vya mbali, lakini hakuna hata moja ambalo ningeweza kuliweka juu ya jiwe mbele ya mtoto wa miaka mitano. Nikamwambia: sina jibu zima. Kamwulize papa, kesho uniletee alichosema. Akaniletea. Ni la baba yake, silitoi hapa, ila baba huyo yuko humu ukumbini na akitaka atalisema mwenyewe.

Sasa maswali ni yenu. Nitangoja, msinionee huruma nikinyamaza. Na yule baba wa nyuma mwenye simu: kama kitendawili bado kimekushinda, nipe mji. Kolwezi siipokei, amenipa mjukuu wangu leo asubuhi.